Programu za Ujumbe Zinapofunguliwa Ulaya: Siri Ipi Inalindwa na Ipi Inabaki Wazi

Tangu tarehe 7 Machi 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka kampuni ya Meta kuzifungua programu zake mbili za ujumbe, WhatsApp na Messenger, ili mtu anayetumia programu nyingine aweze kuwaandikia waliomo humo bila kulazimika kufungua akaunti kwa Meta. Wengi waliosikia habari hizi waliuliza swali la haki kabisa: je, programu za kampuni nyingine zikiruhusiwa kuingia, siri ya mazungumzo itabaki salama? Makala haya yanajibu swali hilo, na yanaeleza pia kwa nini jibu lake haliondoi wasiwasi wote, kwa kuwa maneno yaliyoandikwa ndani ya ujumbe ni sehemu tu ya yale yanayoweza kujulikana kuhusu aliyeyaandika.

Simu zetu za mkononi zilikuja na viwango vya pamoja tangu mwanzo. Mfumo wa GSM, uliobuniwa Ulaya na ambao simu yake ya kwanza ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991, ndio ulioenea hadi Afrika Mashariki, na ndiyo maana mwenye laini ya Vodacom humtumia meseji mwenye laini ya Airtel bila kujiuliza mwenzake yuko mtandao gani. Programu za ujumbe zilifuata njia nyingine. Kila kampuni ilijenga mfumo wake na kusajili watu wake, na kadiri ndugu na marafiki walivyozidi kukusanyika humo, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kutoka, hata kwa mtu asiyeridhika na jinsi taarifa zake zinavyotumiwa. Anayetaka kuhama inambidi ahame na kikundi cha ukoo, kamati ya harusi, wazazi wa darasa la mtoto wake na wateja wa duka lake, jambo ambalo kwa kawaida haliwezekani.

Hali hiyo ndiyo iliyoguswa na Sheria ya Masoko ya Kidijitali, iliyopitishwa Septemba 2022. Sheria hii haizibani kampuni zote. Inazilenga zile inazoziita walinda lango, yaani kampuni kubwa mno ambazo, pamoja na vigezo vya mapato au thamani, huduma yao ina watumiaji wasiopungua milioni 45 kila mwezi ndani ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 6 Septemba 2023 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja huo, ilizitaja kampuni sita za kwanza: Alphabet, Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft. Kwa upande wa ujumbe, waliobanwa ni WhatsApp na Messenger. Huduma ya iMessage ya Apple ilichunguzwa, na Februari 2024 Kamisheni ikaamua isiingizwe. Ibara ya 7 ya sheria inaweka wajibu huu kwa hatua: kwanza mazungumzo ya watu wawili, pamoja na picha, sauti, video na mafaili, kisha vikundi, ndani ya miaka miwili tangu kampuni kutajwa, na mwisho simu za sauti na za video, ndani ya miaka minne.

Sentensi muhimu kuliko zote katika ibara hiyo, kwa maoni yangu, ni ile inayosema kwamba kiwango cha usalama ambacho mlinda lango huwapa watumiaji wake, ukiwemo usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho pale unapotumika, lazima kidumishwe pia katika mawasiliano na programu za nje. Usimbaji huo maana yake ni kwamba ujumbe hufungwa ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji tu, na kampuni iliyo katikati, hata ikitaka, haiwezi kuusoma.

Tufuatilie ujumbe mmoja. Programu ya nje inayotaka kuunganishwa na WhatsApp husaini kwanza mkataba na Meta. Mtumiaji wake anapoandika ujumbe, simu yake huufunga kwa kutumia itifaki ya Signal, yaani kanuni za kiufundi za kufunga na kufungua ujumbe, ambayo ndiyo WhatsApp yenyewe huitumia. Meta imesema itakubali itifaki nyingine pia, mradi mhusika athibitishe kuwa usalama wake ni wa kiwango kilekile. Ujumbe uliofungwa husafiri hadi kwenye seva za WhatsApp, na kutoka hapo hadi kwenye simu ya mpokeaji. Picha na video hubaki kwenye seva za programu ya nje, na simu ya mpokeaji huzichukua huko kupitia seva ya kati ya Meta. Mnamo Novemba 2025 Meta ilitangaza kwamba programu mbili ndogo, BirdyChat na Haiku, zinaanza kuunganishwa na WhatsApp kwa njia hii kwa watumiaji walio Ulaya. Kwa hiyo jibu la swali la mwanzo ni kwamba maneno yenyewe yanalindwa, isipokuwa jambo moja ambalo hesabu za usimbaji haziwezi kulidhibiti: ujumbe ukishafunguliwa ndani ya programu ya mpokeaji, usalama wake unategemea uaminifu wa waliotengeneza programu hiyo.

Wasiwasi wangu mkubwa, hata hivyo, uko kwingine. Kila ujumbe huzalisha taarifa kuuhusu, ambazo wataalamu huziita metadata: nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, kwa simu ya aina gani na kutoka anwani ipi ya intaneti. Anayejua kwamba mtu fulani alimwandikia daktari wa saratani usiku, asubuhi akamwandikia wakili, na mchana akawaandikia ndugu zake wote kwa mpigo, ameshajua jambo zito kuhusu maisha ya mtu huyo bila kusoma hata neno moja. Usimbaji fiche hauzifichi taarifa hizi zote, kwa sababu seva lazima ijue ujumbe unakwenda kwa nani. Mifumo miwili inapounganishwa, kampuni mbili huziona pale ambapo awali iliziona moja. Sheria imelitambua hilo, kwani inasema kwamba katika muunganisho huu zikusanywe na kubadilishwa zile tu taarifa binafsi ambazo ni za lazima kabisa ili mawasiliano yafanyike. Hata hivyo programu za ujumbe za Signal na Threema, ambazo zimejengwa juu ya msingi wa kukusanya taarifa kidogo iwezekanavyo, zilikataa kuunganishwa na WhatsApp, nami naona uamuzi wao una mantiki.

Hofu hii si ya kinadharia. Septemba 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliitoza WhatsApp faini ya euro milioni 225 kwa kutowaeleza watu waziwazi jinsi taarifa zao zinavyotumika na zinavyopelekwa kwa kampuni dada. Aprili 2025, safari hii chini ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali, Kamisheni iliitoza Meta euro milioni 200 kwa kuwawekea watumiaji wa Facebook na Instagram chaguo la ama kukubali taarifa zao ziunganishwe ama kulipia huduma.

Haki itendeke pia kwa kusema kwamba Ulaya yenyewe haijawa na msimamo mmoja. Mwaka 2022, uleule ulioleta sheria inayoamuru usimbaji udumishwe, Kamisheni ilipendekeza kanuni ya kupambana na unyanyasaji wa watoto mtandaoni ambayo ingeweza kuzilazimisha programu kukagua ujumbe, ukiwemo uliofungwa. Lengo lake ni la kuheshimiwa na mtu yeyote mwenye moyo. Tatizo ni la kiufundi: ili kukagua ujumbe uliofungwa, lazima ama ufungue kufuli ama uweke mkaguzi ndani ya simu ya kila mtu, wenye hatia na wasio na hatia. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika hukumu ya Februari 2024 dhidi ya Urusi, ilisema kwamba kulazimisha usimbaji udhoofishwe kwa watumiaji wote hakuwezi kuonekana kuwa jambo la lazima katika jamii ya kidemokrasia.

Viwango navyo vinabadilika. Julai 2023 shirika la viwango vya intaneti, IETF, lilichapisha kiwango kiitwacho MLS, kilichobuniwa ili vikundi vikubwa viweze kufunga mazungumzo yao bila kuzichosha simu. Machi 2025 GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, iliutumia MLS katika toleo jipya la RCS, mfumo unaokusudiwa kurithi nafasi ya meseji za kawaida na ambao Apple ilianza kuukubali mwaka 2024. Meseji za kawaida, tukumbuke, hazina usimbaji wa mwisho hadi mwisho; kampuni ya simu inaweza kuzisoma.

Kwa msomaji aliye Nairobi au Dar es Salaam, muunganisho huu bado haumfikii, kwa kuwa wajibu wa Meta unahusu watumiaji waliomo Umoja wa Ulaya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zinalinda taarifa binafsi, na ya Kenya inampa mtu haki ya kuhamisha data zake kutoka kampuni moja hadi nyingine, lakini kuhamisha data si sawa na kuweza kuendelea kuzungumza na waliobaki.

Kwa Mswahili aliye Hamburg, Brussels au Stockholm, chaguo la kuwasiliana na programu za nje hukaa katika mipangilio ya WhatsApp na haliwashwi bila ridhaa yake. Kabla ya kuliwasha, asome sera ya faragha ya ile programu ya pili na kutazama mambo mawili: inahifadhi metadata kwa muda gani, na inampa nani. Asiporidhika anaweza kuliacha, na aliyekwisha kuliwasha anaweza kulizima wakati wowote.