Mwendesha Pikipiki, Soma Utabiri Mpaka Mwisho

Mvua za Vuli zikikaribia, malalamiko ya waendesha pikipiki huongezeka: "Mlisema Iringa hakuna mvua, nimelowa chapachapa." Tunayapokea kwa nia njema. Lakini tuulizane kwanza: Iringa ipi, na ulisoma utabiri wa lini?

Utabiri wetu wa kila siku, sisi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ni wa saa 24, na muda wake wa kuanza huandikwa juu kabisa. Ukisambaziwa leo kwenye kundi la WhatsApp la kijiweni ule uliotolewa juzi, umekwisha muda wake. Fungua meteo.go.tz usome mwenyewe. "Mvua katika maeneo machache" pia si mvua ndogo. Kinachohesabiwa ni maeneo, si maji, na ukiwa ndani ya hayo machache mitaro inaweza kufurika mbele yako. Hili limeelezwa mara nyingi, na bado tunaulizwa.

Programu za simu hatuzikatazi. Zinategemea mifumo ya kompyuta inayoigawa dunia katika miraba. Mfumo wa kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambao ni miongoni mwa iliyo bora, una miraba ya takriban kilomita 9. Mlima Kitonga, chini na juu, unaweza kuangukia mraba mmoja ukapewa jibu moja, wakati chini unatokwa jasho na juu unatafuta koti. Angalia na saa. Baadhi ya tovuti huandika saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Mvua iliyowekwa 12:00 ni ya saa tisa alasiri kwetu, si ya saa sita mchana.

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya asitazame Mbeya peke yake. Atazame Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako, kila mahali kwa saa atakayopita. Mvua nyingi za radi za bara hukua alasiri, ardhi ikishapata joto, kwa hiyo kuondoka alfajiri kuna faida. Makambako atazame upepo pia, maana wa ubavuni humsukuma hata mwenye pikipiki nzito.

Sasa tahadhari, ambazo hutolewa kwa siku tano zijazo. Zina ngazi tatu: Angalizo, rangi ya manjano, Tahadhari, rangi ya chungwa, na Tahadhari Kubwa, nyekundu. Mvua kubwa kwetu ni inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kila ngazi huambatana na mambo mawili, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari, na ni lazima usome yote mawili. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa si ruhusa ya kuvuka daraja lililofunikwa na maji.

Mvua ikikoma, barabara nayo ina habari zake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga, na anga ilipotulia bado haikupitika. Hali ya barabara waulizwe TANROADS, wakala wa barabara, si sisi.

Kuhusu wanaotunga "tahadhari" zao mitandaoni: chini ya Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Na. 2 ya mwaka 2019, kutoa tahadhari ya hali mbaya ya hewa nchini ni jukumu la Mamlaka, na shughuli za hali ya hewa zinahitaji kibali. Anayekiuka anaweza kushtakiwa. "Nimetumiwa tu" si utetezi wa kutegemea. Taarifa isiyo na tarehe, saa ya kutolewa wala muda wa kuisha, usiisambaze.

Malalamiko yaendelee kuja, ila yataje eneo, tarehe, saa mvua ilipoanza na taarifa uliyoisoma. Bila hayo hatuna cha kulinganisha na vipimo vya kituo cha karibu, na jibu litachelewa.