Kafara, dhabihu na tambiko: kila neno na kazi yake

Mtu wa Ujiji akinusurika ajali ya bodaboda, jirani humwambia, "Chinja mbuzi utoe kafara." Kifikihi, yaani kwa sheria ya Kiislamu, hiyo ni sadaka. Kafara, neno la Kiarabu lenye asili ya kufunika, hufuta kosa, na si lazima imwage damu. Aliyevunja kiapo hulisha maskini kumi, kibaba kwa kila mmoja kwa madhehebu ya Shafii, au huwavisha. Asipoweza, hufunga siku tatu. (Njia nyingine, kumwacha huru mtumwa, imebaki vitabuni.)

Penye damu ni udhiya, mnyama wa Idi ya kuchinja, na hapa ndipo wengi huharibu. Kwa Shafii mbuzi awe ametimiza miaka miwili, ng'ombe vilevile, naye hutosha watu saba. Usimwamini muuzaji, funua mdomo. Mbuzi mwenye jozi moja tu ya meno makubwa ya mbele kwa kawaida hajafika. Chongo la wazi, kiguru, mgonjwa na aliyekonda hadi mifupa hawafai. Sikio lililochanwa kwa alama halina neno. Lililokatwa kipande lina neno. Huchinjwa baada ya swala ya Idi, tarehe 10 hadi 13 Mfunguo Tatu (Dhulhija). Ukitangulia swala, umepata kitoweo tu. Kisu kikali kikate koromeo na umio, na ni vema mishipa miwili ya shingo nayo ikatwe. Mchinjaji asilipwe kwa ngozi wala nyama, mpe fedha.

Tambiko ni jambo jingine: Wanyamwezi huwaelekea mizimu ya ukoo kwa unga wa mtama, pombe, kondoo au mbuzi, kuomba mvua, uzao au afya. Hakuna kosa linalolipiwa, isipokuwa mizimu imeonekana kukasirika.

Dhabihu ndilo neno la Biblia. Walawi 17:11 husema damu hufanya upatanisho. Waebrania 10:10 husema mwili wa Yesu ulitolewa mara moja tu. Ndiyo maana Mkatoliki wa Tabora huenda kwenye Sadaka ya Misa na hakuna mnyama altareni.

Na binadamu? Ibrahimu alipewa kondoo badala ya mwanawe, na Walawi 20:2 huamuru kifo kwa amtoaye mtoto wake kwa Moleki, mungu wa kipagani. "Kumtoa mtu kafara" ili utajirike ni lugha ya waganga matapeli. Waliouawa kwa sababu ya ualbino hawakutolewa kafara: mahakamani hayo ni mauaji ya kukusudia, na adhabu yake ni kunyongwa.