Punda Si Ng'ombe Mdogo

Februari moja, mvua zikiwa zimekolea, mfugaji wa Kilwa alinipigia simu. Punda wake watatu walikuwa wamesimama tangu jana yake, hawali, vichwa chini. Mmoja alikuwa analala na kuinuka, analala na kuinuka, akigeuka kila mara kutazama ubavu wake. Nikauliza wamekula nini. Hakuna kipya. Kazi je? Ile ile ya maji. Nikauliza juzi bomani kulifanyika nini.

"Juzi tuliogesha ng'ombe, daktari. Kupe walikuwa wengi, tukawapitishia na punda bomba lile lile."

Nikamwomba amwite kijana anayejua kusoma anisomee kibandiko cha chupa. Kijana akasoma polepole, silabi kwa silabi, mpaka akafika kwenye neno nililokuwa naliogopa: amitrazi.

Naandika kwa ajili ya neno hilo na mengine yanayofanana nalo. Katika kutibu mifugo mkoani Lindi nimeona punda wengi wakiumizwa na watu wanaowapenda na kuwategemea, na mara nyingi chanzo ni kimoja: punda anatunzwa kama vile ni ng'ombe mdogo.

Amitrazi ni dawa nzuri ya kupe kwa ng'ombe, na madukani ipo kwa majina mengi ya biashara. Kwa punda na farasi hali ni tofauti. Inapunguza mwendo wa utumbo, na ikizidi utumbo unasimama kabisa. Punda hacheui. Majani anayokula huchachishwa huko nyuma, kwenye utumbo mpana, na lazima yasukumwe muda wote. Yakisimama yanakauka, yanashikana, yanakuwa kama gogo lililokwama ndani. Kutapika hawezi, maumbile yake hayamruhusu.

Nilipofika niliweka kipimo cha kusikilizia ubavuni mwa yule aliyekuwa akijilaza. Punda mzima ukimsikiliza pale, tumbo lake linaongea: mngurumo, kimya kidogo, kisha mlio kama wa maji yanayomiminwa kutoka dumu moja kwenda jingine. Huyu hakuwa na sauti yoyote. Nilisubiri dakika tano upande wa kulia, nikazunguka kushoto nikasubiri tena. Kimya. Nikagusa ufizi, ulikuwa umekauka kiasi kwamba kidole kinanata. Mavi machache yaliyokuwa nyuma yake yalikuwa magumu kama kokwa za mikoche.

Tukampitishia mpira puani mpaka tumboni, tukampa mafuta ya parafini ya kunywesha na maji mengi ya vuguvugu, nikamchoma sindano ya maumivu. Kijana mmoja akataka kumhamishia mgonjwa chini ya mkwaju, mbali na wenzake, apumzike. Mama mwenye punda, mke wa yule mfugaji, akakataa. Akamleta jike mwingine wa kijivu akamsimamisha bega kwa bega na mgonjwa. "Huyu hali bila yule," aliniambia. Alikuwa sahihi kuliko vitabu vingi. Punda hushikamana wawili wawili, na ukimtenga mgonjwa na mwenzake anakata tamaa ya kula hata kama ugonjwa wenyewe unaelekea kupungua.

Kutokula huko ndiko kunakoua. Punda akikaa siku moja au mbili bila chakula, mwili wake unaanza kuyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamwaga kwenye damu, na mafuta hayo yanaharibu ini na figo. Hatari ni kubwa zaidi kwa mnene na kwa mwenye mimba. Ng'ombe aliyegoma kula unaweza kumtazamia mpaka kesho. Punda aliyegoma kula asubuhi, piga simu kabla ya jua kuzama. Tena usitegemee alie au ajigaragaze kama farasi, kwa sababu punda huficha maumivu. Mara nyingi dalili pekee ni kwamba amesimama tu, ametulia mno.

Wawili walipona. Yule wa kimya alikufa siku ya nne, akiwa na mimba kubwa. Punda hubeba mimba takribani miezi 12 na huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hafai kubebeshwa mzigo mpaka afikishe miaka 3 au 4. Nilikaa na yule mama tukahesabu pamoja ni lini angepata punda mwingine wa kazi kama angezalisha mwenyewe. Tulipomaliza kuhesabu alinyamaza muda mrefu.

Sikumlaumu mumewe. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilisimama mwenyewe kwenye josho nikatangaza, "Leteni mifugo yote." Yote! Sikuuliza ndani ya josho mna dawa gani na nani anaingia. Nalisema hili wazi kwa sababu kosa hilo limeanzia kwetu wataalamu, na wafugaji wamelichukua kutoka kwetu. Kwa kupe na mbung'o wa punda tumia dawa za jamii ya sipamethrini au deltamethrini, kwa kipimo kilichoandikwa, na usome kibandiko kila mara hata kama chupa inafanana na ile ya mwaka jana.

Kwa nini Lindi hasa? Wenyeji wa huku, Wamwera, Wamachinga, Wamatumbi, Wangindo, ni wakulima wa korosho, ufuta na mihogo, na mbung'o waliifanya nchi hii isiwe ya ng'ombe. Mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Ihefu kwenye bonde la Usangu mkoani Mbeya, wengi walielekezwa huku. Wamasai, Wabarbaig na Wasukuma wakashuka na ng'ombe zao mpaka Kilwa na Lindi Vijijini, na wengine baadaye wakasogea Nachingwea na Liwale. Punda walikuja nao. Majosho yakajengwa, mikutano ikafanyika, na mazungumzo yote yakawa ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Punda hakutajwa kwa sababu hauzwi mnadani kwa bei ya kutisha wala hakamuliwi. Anabeba maji, mahindi ya kusaga, watoto wachanga wa mbuzi wakati wa kuhama, na mgonjwa anapopelekwa barabarani. Kwa kuwa ni kazi ya akina mama, haikuhesabiwa kuwa ufugaji.

Nchi yenyewe pia haimfai sana. Asili ya punda ni punda mwitu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, ardhi ya mawe na ukame, na binadamu alianza kumfuga takribani miaka 7,000 iliyopita. Manyoya yake hayana mafuta ya kutosha kuzuia maji, kwa hiyo mvua inapenya mpaka ngozini na kumtia baridi. Hapa kwetu inanyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Ng'ombe anasimama kwenye mvua ya usiku kucha na asubuhi anaenda malishoni. Punda anahitaji paa, hata la makuti, na sakafu iliyoinuka.

Kwato ni habari nyingine. Kwato za punda zimesimama wima na zimeumbwa kwa ardhi kavu inayozisaga taratibu. Kwenye tope jeusi la Kilwa hazisagiki, zinarefuka kama kandambili, na ile sehemu laini ya chini yenye umbo la herufi V inaoza. Inua mguu, kwangua tope kwa kijiti, nusa. Ukikuta uji mweusi wenye harufu ya yai viza, kazi ya siku hiyo imeishia hapo. Safisha, kausha, paka tinkcha ya ayodini, na mfunge sehemu kavu. Kila wiki 6 hadi 10 kwato zipunguzwe kwa tupa, na tupa ya fundi seremala inatosha.

Kwenye sindano naomba mnisikilize vizuri. Baadhi ya wilaya hizi zinapakana na mapori ya Selous na Hifadhi ya Nyerere, na mbung'o wapo. Punda anapata nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ule wafugaji wengi wanauita ndorobo. Anakonda, utando wa jicho unakuwa mweupe, tumbo linavimba kwa chini, miguu ya nyuma inayumba. Mfugaji anatoa chupa ile ile ya ng'ombe na kukisia kwa jicho. Punda wetu wengi wana kilo 110 hadi 150 tu, na dawa hizi zina mpaka mwembamba kwake kati ya kutibu na kudhuru. Mpime kwa utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, ukitumia jedwali la punda. Jedwali la ng'ombe litakudanganya. Kama huna, mwite mtaalamu, na kama mtaalamu naye anakisia, una haki ya kumkatalia.

Halafu pepopunda. Jina lenyewe linasema, na kweli punda na farasi ni kati ya wanyama wanaodhurika nayo kuliko wengine. Kidonda cha msumari, kuhasiwa kwa kisu kwenye boma lenye samadi, vinatosha. Masikio yanasimama, mkia unakakamaa, taya hazifunguki. Chanjo ipo, na kabla ya kuhasi muulize daktari wako.

Sasa mzigo. Kanuni tunayofundisha ni kwamba mgongoni asibebe zaidi ya theluthi ya uzito wake. Punda wa kilo 130 ni kilo 43 hivi, yaani madumu mawili ya lita 20. Nimeona manne. Nilimwambia hivyo mama mmoja wa Kimasai njiani, naye akasimama akanitazama.

"Kisima kiko mbali, daktari. Nikibeba mawili, narudi mara mbili. Nani atapika?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hata leo nadhani kanuni isiyojibu swali hilo ni nusu kanuni. Tulichofanya na akina mama wa boma lile ni kuunganisha punda wawili kwenye mkokoteni mmoja wa ushirika. Magurudumu yakibeba uzito na ekseli ikikaa sawa, kwenye njia tambarare punda anavuta zaidi ya uzito wake mwenyewe bila kuumia. Ila walianza kwa kuwafunga nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma kwa nundu na mabega. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani, na ile nira inakaa juu ya mifupa ya shingo na kuichubua. Tulishona mkanda mpana wa turubai uliojazwa nguo kuukuu, ukakaa kifuani chini ya koo ili usimkabe, juu ya viungo vya mabega ili usimzuie hatua. Kamba ya manila isimguse ngozi popote. Inakata kama msumeno.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Ninapoitwa kwa punda "mkorofi" anayerusha mateke wakati wa kutandikwa soji, yaani tandiko la mizigo, jambo la kwanza ni kupitisha kiganja mgongoni bila kubonyeza. Karibu kila mara nakuta kidonda chini ya manyoya, au uvimbe wa moto, au mbavu mbili zinazomfanya ajikunje. Huyo ameshasema kila alichoweza kusema kwa masikio na mkia, hakuna aliyemsikia, ndipo akapiga.

Kuna vidonda visivyotoka kwenye soji. Ufuta ukianza kuchanua, punda akiingia shambani usiku, asubuhi anarudi na mkato wa panga pajani. Nimeshona mikato hiyo zaidi ya nilivyopenda. Mkulima aliyeliwa ufuta wake ana haki ya kulipwa, na mfugaji aliyeacha punda wazurure usiku amekosa. Lakini Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa mnyama, na panga halirudishi gunia hata moja. Fungeni punda usiku. Mnawaokoa na panga, fisi na simba kwa pamoja.

Na pia mnawaokoa na wezi wa ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa kupata ejiao, gundi inayotumika katika dawa za asili za China, na mahitaji hayo yaliwafagia punda sehemu nyingi za bara hili. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji huo kwa miaka 10 mnamo Desemba 2021. Mwaka uliofuata wadau wa Afrika walikutana Dar es Salaam kulijadili suala hilo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara hiyo barani kote. Ukiona mtu anazunguka mabomani kununua punda wazee, vilema na wagonjwa kwa bei nzuri, mpe taarifa mwenyekiti wa kijiji.

Siku hizi mafunzo ya punda siyafanyii tena joshoni. Nakwenda kisimani saa 1 asubuhi, kwa sababu wenye punda wako pale. Mara ya mwisho yule mama aliyempoteza jike mwenye mimba ndiye aliyeinua mguu na kuwaonyesha wenzake mahali pa kukwangua. Mimi nilishika hatamu tu. Wengi wao hawasomi, kwa hiyo niliandika neno amitrazi, pamoja na lilivyoandikwa kwenye chupa, kwa herufi kubwa kwenye vipande vya boksi, nikapiga mstari mwekundu juu yake, kila mmoja akachukua chake. Wiki iliyopita mwenye duka la dawa za mifugo alinisimamisha barabarani akauliza nani amewapa akina mama hawa maboksi, maana wanakuja dukani, wanaweka boksi kando ya chupa, wanalinganisha herufi moja baada ya nyingine, na wengine wanairudisha.