Bruce Lee hakufa kwa risasi

Kwenye baraza za Michenzani bado utasikia: Bruce Lee, yule nyota wa filamu za kung fu, alipigwa risasi ya kweli akiigiza. Sivyo, na inaniuma, maana inafuta msiba wa mtu mwingine. Aliyepigwa risasi ni mwanawe, Brandon Lee, huko Marekani, Machi 1993, akiwa na miaka 28. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu wa bastola ya kuigizia bila watu kujua. Ilipofyatuliwa kwa baruti tupu, kikachomoka na kumpata tumboni.

Baba alikwishafariki miaka 20 kabla, Hong Kong, tarehe 20 Julai 1973, kwa kuvimba ubongo, saa chache baada ya kumeza dawa ya kichwa. Alikuwa na miaka 32 tu!

Kosa hili lina chanzo. Filamu ya Game of Death, aliyoiacha njiani, ilimaliziwa na watu wa kufanana naye, ikatoka 1978. Ndani yake mhusika wake, naye mwigizaji wa filamu, anapigwa risasi mbele ya kamera. Aliyeiona bila kujua tarehe ataapa kabisa.

Wengine husema aliuawa kwa pigo la siri. Madaktari walioupasua mwili wake hawakukuta jeraha la nje.