Sun Dong-yol: yasemwayo na yaliyotokea

Watu wa Gwangju, kusini-magharibi mwa Korea Kusini, wakibishana kuhusu besiboli hawamjadili Sun Dong-yol. Wanawapimia wengine kwake. Alizaliwa huko Januari 1963, akawa mrushaji wa Haitai Tigers ya mji huo kuanzia 1985 hadi 1995, akahamia Chunichi Dragons ya Nagoya, Japani, kwa misimu minne, kisha akawa kocha mkuu: Samsung Lions, Kia Tigers, na mwishowe timu ya taifa. Maisha marefu kiasi hicho mchezoni hayakosi kuzua simulizi, na iliyoenea zaidi inasema alikuwa mfalme uwanjani akaja kuumbuka kwenye benchi. Simulizi tamu, ila matokeo hayaiungi mkono.

Maelezo machache kwa aliyezoea soka. Timu mbili hupokezana kushambulia na kulinda kwa awamu tisa, na mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji wa upande wa pili. Hupimwa kwa wastani wa mikimbio, yaani pointi za mchezo huu, anayoruhusu kwa kila awamu tisa: namba ikiwa ndogo, mrushaji ni mkali. Mwenye wastani wa 3 halalamikiwi na mtu. Mechi ikielekea ukingoni, timu inayoongoza humwingiza mrushaji maalumu wa kulinda ushindi, na akifaulu huandikiwa kwamba ameokoa mechi. Wastani wa Sun kwa miaka yake yote 11 katika ligi ya Korea, KBO, ni 1.20.

“Namba hiyo ni ya mtu aliyekuwa akiingizwa mwishoni tu”

Hapa kuna chembe ya kweli iliyonenepeshwa. Ni kweli kwamba baada ya kuumia mwaka 1992 alitumika zaidi kufunga mechi. Mwaka 1993 aliokoa mechi 31, na mwaka 1995, wa mwisho wake Korea, aliokoa 33. Waliomjua katika miaka hiyo wakadhani ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo.

Mwaka 1986 alirusha awamu 262 na ushei, akashinda mechi 24 na kupoteza 6, kwa wastani wa 0.99. Mechi 19 kati ya hizo alizianza na kuzimaliza mwenyewe. Mwaka uliofuata wastani ukashuka hadi 0.89. Kuanzia 1985 hadi 1991 hakuna mrushaji mwingine aliyeongoza ligi kwa wastani. Miaka saba mfululizo tuzo hiyo ilikuwa yake, na aliichukua tena 1993 kwa 0.78, ambayo ndiyo rekodi ya KBO. Jumla alimaliza mechi 68 peke yake, 29 kati ya hizo bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Kazi hiyo haifanywi na mtu wa dakika za mwisho.

Wapo wanaokubali hayo yote na bado wakaguna: ligi ilikuwa changa, ilianza 1982 tu, na wapigaji walikuwa bado wanajifunza. Sawa, hoja hiyo ina uzito. Lakini warushaji wenzake walikutana na wapigaji hao hao, na hakuna aliyemkaribia. Hata kabla hajaingia KBO, akiwa kijana wa Chuo Kikuu cha Korea, alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano ya dunia ya ridhaa yaliyofanyika Seoul mwaka 1982, ambako Korea iliifunga Japani katika mechi ya mwisho.

“Siku ile ya Busan alimwonyesha Choi Dong-won nani mkubwa”

Hili ndilo linalopotoshwa zaidi, na ndilo lenye utamu zaidi, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Choi Dong-won alikuwa mrushaji wa Lotte Giants ya Busan, mkubwa kwa Sun kwa takriban miaka mitano. Katika fainali za 1984 alishinda peke yake mechi zote nne zilizoipa Lotte ubingwa. Sun alipoingia mwaka uliofuata, nchi ikapata mahasimu wake. Na mahasimu hao hawakuwa watu wawili tu. Gwangju iko mkoa wa Jeolla, Busan iko upande wa Gyeongsang, na sehemu hizi mbili zilikuwa na uhasama wa kisiasa wa miaka mingi. Mwezi Mei 1980 jeshi liliua raia wa Gwangju walioandamana kupinga utawala wa kijeshi, na jenerali aliyeshika nchi wakati huo, Chun Doo-hwan, ndiye aliyekuwa madarakani ligi ya kulipwa ilipozinduliwa miaka miwili baadaye. Mashabiki wa Haitai waliimba “Machozi ya Mokpo”, wimbo wa huzuni wa kwao, hata siku za ushindi. Kwa hiyo Sun alipopanda kilima cha kurushia mpira, alikuwa amebebeshwa mengi ambayo hayakuwa ya besiboli.

Tarehe 16 Mei 1987, siku mbili kabla ya kumbukumbu ya mauaji yale, wakakutana uwanja wa Sajik, Busan. Awamu tisa zikaisha bila mshindi. Wakaendelea. Awamu ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, makocha wawili wakiwaacha pale pale. Mchezo ukasimamishwa baada ya awamu 15, kikomo cha kanuni za wakati huo, matokeo yakiwa 2-2. Choi alikuwa amerusha mipira 209. Sun alirusha 232. Siku hizi mrushaji akifika 110 benchi zima linaanza kutazamana.

Kwa hiyo hakuna aliyemwonyesha mwenzake chochote. Tena, walipambana ana kwa ana mara tatu tu katika ligi: Sun akashinda 1-0 Aprili 1986, Choi akashinda 2-0 Agosti mwaka huo huo, kisha hiyo sare. Mizani imesimama katikati kabisa. Mwaka 2011, miezi michache baada ya Choi kufariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 53, ilitoka filamu kuhusu siku hiyo, na filamu, kama ilivyo kawaida yake, iliongeza viungo. Anayetaka mshindi wa mechi hii itabidi amtunge mwenyewe.

“Alipoondoka, Haitai ikafa”

Haitai ilitwaa ubingwa wa 1996 na wa 1997, yote miwili bila Sun. Kauli mashuhuri ya kocha Kim Eung-yong, kwamba hana Dong-yol wala hana Jong-beom, kauli iliyogeuzwa kichekesho na waigizaji hadi watoto wakaikariri, ni ya baada ya Lee Jong-beom, nyota mwingine wa Haitai, naye kuondoka kwenda Nagoya mwaka 1998. Kilichoiua Haitai ni pesa. Kampuni mama, ya biskuti na peremende, iliyumba katika msukosuko wa uchumi wa 1997, na mwaka 2001 timu ikauzwa kwa Kia.

“Japani alifika na kutawala siku hiyo hiyo”

La. Mwaka 1996, akiwa na miaka 33, alipigwa vibaya: wastani wa 5.50, akateremshwa hadi kikosi cha pili. Magazeti ya pande zote mbili za bahari yalikuwa tayari kumzika. Mwaka uliofuata akarudi na wastani wa 1.28 na mechi 38 alizookoa, sawa na Kazuhiro Sasaki wa Yokohama, aliyekuwa mfungaji mechi hatari kuliko wote Japani. Mwaka 1999, chini ya kocha Hoshino Senichi, Chunichi ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Kati, naye akastaafu akiwa ameokoa mechi 98 katika miaka minne. Binafsi naona msimu wa 1997 ni mkubwa kuliko ule wa 1986. Mwaka 1986 alikuwa na mkono wa kijana. Mwaka 1997 alikuwa ameshaaibishwa hadharani.

Anayeuliza kwa nini hakucheza Marekani akumbuke kwamba Mkorea wa kwanza kucheza ligi kuu ya huko, Park Chan-ho, alifika 1994. Sun alikuwa ameshatimiza miaka 31.

“Uwanjani nguli, kwenye benchi butu”

Tuanze na alipoanzia, Daegu, makao ya Samsung Lions. Samsung ilikuwa timu yenye fedha kuliko zote na yenye mkosi kuliko zote. Kabla ya 2002 ilifika fainali za Korea mara saba na kupoteza mara saba, tatu kati ya hizo mbele ya Haitai, na katika zote tatu Sun alikuwa upande wa pili. Kisha tajiri huyu akafanya uamuzi wa kejeli: akamchukua Kim Eung-yong, kocha aliyekuwa akimtesa, ambaye aliivunja laana mwaka 2002. Mwaka 2004 Sun akaletwa kuwanoa warushaji, na mwaka 2005 akakabidhiwa timu.

Mwaka wake wa kwanza kama kocha mkuu aliifunga Doosan Bears katika fainali kwa mechi nne bila. Wa pili akaifunga Hanwha Eagles, iliyokuwa na chipukizi mmoja anaitwa Ryu Hyun-jin, kwa mechi nne dhidi ya moja na sare moja. Makombe mawili katika misimu miwili ya kwanza ya maisha yake ya ukocha. Kama huko ndiko kufeli, makocha wengi wangeomba wafeli.

Wapinzani hujibu kwamba ni fedha za Samsung. Ni kweli kwamba kabla ya msimu wa 2005 ilimsajili Shim Jung-soo kwa donge nono na Park Jin-man pia. Lakini fedha zilikuwepo tangu miaka ya 1980, na zilinunua fainali saba za majonzi. Kilichokuwa kipya ni jinsi Sun alivyowapanga warushaji. Mrushaji wa kuanzia hakuachwa afie uwanjani. Awamu ya sita au ya saba alitolewa, na nyuma yake ukafuata mstari wa vijana wenye mikono mibichi. Wa mwisho wao alikuwa Oh Seung-hwan, aliyetoka chuoni 2005 na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali mwaka huo huo, kisha 2006 akaokoa mechi 47. Wakorea waliuita huo mchezo wa kulinda. Wengine waliuona unachosha: bao moja la kuongoza, kisha mlango unafungwa. Mimi kinachonivutia ni nani aliyeubuni. Ni mtu yule yule wa mipira 232 ya Busan. Machi 2006, akiwa kocha wa warushaji katika mashindano ya kwanza ya dunia ya wachezaji wa kulipwa, yenye kikomo cha mipira kwa kila mrushaji, Korea ilishinda mechi sita mfululizo kabla ya kutolewa na Japani kwenye nusu fainali.

Hata hivyo asipakwe asali. Katika fainali za 2006 Bae Young-soo, mrushaji wake tegemeo, alitumika huku kiwiko kikimuuma, akafanyiwa upasuaji na kukosa msimu mzima wa 2007. Kanuni ya kulinda mikono ilikuwa na siku zake za kusahaulika. Mwaka 2009 Samsung haikufika hata hatua ya mtoano. Mwaka 2010 ikafika fainali, ikafungwa na SK Wyverns kwa mechi nne bila, na mwishoni mwa Desemba Sun akatupiwa virago akiwa na miaka kadhaa ya mkataba mkononi. Mrithi wake, Ryu Joong-il, alitwaa makombe manne mfululizo, 2011 hadi 2014. Sehemu kubwa ya mstari ule wa kufunga mechi aliurithi kutoka kwa Sun. Jambo hili halimpunguzii Ryu kitu, lakini husahaulika haraka.

Kufeli kulikuwepo, ila kulikuwa nyumbani kwao. Kia Tigers, warithi wa Haitai, walimrudisha Gwangju kwa msimu wa 2012, mji mzima ukingoja miujiza. Alimaliza wa tano, kisha wa nane, kisha wa nane tena katika ligi ya timu tisa. Oktoba 2014 klabu ikamwongezea miaka miwili. Mashabiki wakachachamaa, na hata wiki haikuisha akabwaga manyanga. Hapa sina la kumtetea.

“Timu ya taifa alifukuzwa kwa kushindwa”

Hakufukuzwa, na hakushindwa. Alipewa timu Julai 2017, na Septemba 2018 akatwaa dhahabu ya Michezo ya Asia kule Indonesia kwa kuifunga Japani 3-0. Tatizo lilikuwa jeshi. Mwanaume wa Korea Kusini lazima atumikie jeshi, na mwanamichezo mwenye dhahabu ya Asia husamehewa karibu utumishi wote. Sun alimwita Oh Ji-hwan wa LG Twins, aliyeacha nafasi ya kujiunga na timu ya jeshi akisubiri mashindano hayo, na umma ukaona nafasi ya taifa imegeuzwa msamaha wa mtu binafsi. Park Hae-min naye akaingizwa kwenye tuhuma hiyo. Kufungwa 2-1 na Taipei ya China, yaani Taiwan, katika mechi ya kwanza kukazidisha hasira.

Oktoba 10 Sun akaitwa mbele ya Bunge kuhojiwa, jambo ambalo halijawahi kumpata kocha wa timu ya taifa ya besiboli, na mbunge mmoja akamwambia ubingwa wa Asia si kitu kigumu hivyo. Mbunge huyo hakukumbuka Doha mwaka 2006, ambako Korea ilipeleka wachezaji wa kulipwa, ikafungwa na Taipei ya China, ikafungwa na Japani ya wachezaji wa ridhaa, na kurudi na shaba.

Novemba 14 Sun alijiuzulu, akisema anataka kulinda heshima ya wachezaji na ya medali yao. Mwaka 2023 LG Twins ilitwaa ubingwa wake wa kwanza tangu 1994, Park Hae-min akiwa kikosini, na mchezaji bora wa fainali alikuwa Oh Ji-hwan.