Kabla Ulipe Saiba Ama Udaunlodi Apu, Angalia Kwanza Chenye Kiko Ndani ya Laptopu Yako

Nafanya kazi kwa ofisi ya ICT ya chuo hapa Nairobi, upande wa kusaidia wanafunzi na mashine zao, na wiki mbili za kwanza za semista foleni hufika mpaka kwa ngazi. Sio ati laptopu zote zimeharibika. Wengi wanakuja na shida yenye dawa yake iko ndani ya hiyo hiyo mashine wameshika mkononi, ni vile tu hakuna mtu aliwahi kuwaonyesha. Unapata mmoja amelipa saiba wamgeuzie asaimenti iwe PDF, mwingine amedaunlodi apu ya kurekodi skrini ikamletea virusi, mwingine bando ya wiki nzima imeisha kwa saa moja na hajafungua hata video. Huwa inaniuma, juu hiyo pesa ni ya mkopo wa HELB ama ni ya mzazi ameuza mbuzi, na ilikuwa ibaki kwa mfuko.

Nitaongea sana juu ya Windows kwa sababu mashine nyingi zenye zinaletwa kwa meza yangu ni zile za eks-UK, yaani zimetumika Uingereza kwanza, zile watu hununua Luthuli na Moi Avenue. Na hapo dukani ndio tuanzie, kabla hujatoa pesa.

Muuzaji atakwambia betri iko sawa, inashika masaa manne. Usibishane naye, iulize laptopu yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter, kwa hilo dirisha jeusi linafunguka andika powercfg /batteryreport alafu Enter tena. Itakuonyesha mahali imeweka ripoti, ifungue kwa brauza. Tafuta mistari miwili: Design Capacity, hiyo ni nguvu yenye betri ilikuwa nayo ikitoka kiwandani, na Full Charge Capacity, hiyo ni yenye inaweza kushika leo ikijaa. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 21,000, hiyo betri imebaki asilimia 42 na utakaa karibu na soketi maisha yako yote ya chuo. Hata kama Windows imewekwa upya jana, hizi namba mbili bado zinakuja, kwa sababu zinatoka kwa betri yenyewe. Kazi yote ni dakika moja, na bei itaanza kushuka hapo hapo ukiwa umesimama.

Ukiwa bado dukani, ingia Settings, System, About uangalie prosesa. Ukiona kitu kama i5-6300U, hiyo 6 ya kwanza baada ya kistari ndio jenereshoni. Microsoft ilimaliza sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wao inataka Intel ya jenereshoni ya 8 kuenda juu, RAM ya 4GB na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Ya jenereshoni ya 6 itawaka na itaandika asaimenti, sikatai, lakini unanunua kitu chenye hakiko tena kwa sapoti ya kawaida, kwa hivyo usilipe bei ya kitu kipya.

Sasa bando, hii ndio kilio cha kila hosteli. Windows ikiona hotspoti ya simu yako inaweza kuichukua kama waifai ingine yoyote, haijui wewe umenunua data ya mia. Inaanza kushusha apdeti za mamia ya MB, OneDrive, ile stoo ya mtandaoni ya Microsoft, nayo inapandisha picha, na wewe umekaa tu unasoma notsi. Ukishaungana na simu ingia Settings, Network & internet, Wi-Fi, fungua hotspoti yako, alafu washa penye imeandikwa Metered connection. Kuanzia hapo apdeti nyingi zinangoja na OneDrive inatulia. Fanya hivyo kwa hotspoti yako tu. Waifai ya shule iache vile iko, ukifika maktaba uache mashine ikule apdeti zake huko, kwa sababu kuzima apdeti kabisa ndio kufungulia wezi mlango. Na kama unataka kujua nani hasa alikula bando, hapo hapo kwa Network & internet kuna Data usage (kwa Windows 11 iko ndani ya Advanced network settings), inakuorodheshea apu moja moja na kiasi chenye kila moja imetumia. Wengi wakifungua hiyo orodha mara ya kwanza wananyamaza.

Stima nayo ikipotea saa tatu usiku na una kitu cha kusabmit saa tano na dakika hamsini na tisa, punguza mwangaza wa skrini kwanza, hiyo ndio inakula betri kuliko vitu vingi, washa kiokoa betri, funga brauza yenye tabo thelathini. Ukimaliza kazi na kesho asubuhi unatoka Rongai kwa matatu, usiifunge tu kifuniko uingize kwa begi ikiwa sleep, inaendelea kunyonya betri kidogo kidogo na saa zingine inaamka ndani ya begi inachemka. Tumia Hibernate, inaandika kila kitu kwa diski alafu inazima kabisa, ukifika unapata kazi yako penye uliiacha. Mara nyingi imefichwa: fungua Control Panel, Power Options, Choose what the power buttons do, utaiwasha huko.

Turudi kwa ile PDF ya saiba. Dokumenti yoyote, kwa Word, kwa brauza, hata kwa Notepad, piga Ctrl na P kama unataka kuprinti, alafu penye unachagua printa chagua Microsoft Print to PDF. Imeisha hiyo. Na kwangu shida kubwa ya saiba sio zile shilingi chache. Shida ni kwamba umefungua imeli yako kwa mashine ya watu, ukadaunlodi kopi ya kitambulisho, PIN ya KRA, fomu ya HELB yenye iko na namba ya simu ya mama, ukaprinti ukaenda, na hizo faili bado ziko kwa Downloads anayekuja nyuma yako anaziona. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, lakini sheria haitakufutia faili. Kama lazima uende kuprinti, geuza PDF nyumbani, beba hiyo faili moja kwa flashi, na usilog in mahali popote.

Lakini flashi pia ina mambo yake. Ile ukiichomeka unapata folda zako zote zimekuwa shotikati, usizibofye, kila ukibofya unaendesha kirusi chenyewe. Faili zako mara nyingi bado ziko, zimefichwa tu. Fungua This PC, bofya flashi na kitufe cha kulia, chagua Scan with Microsoft Defender, ikimaliza nenda View uwashe Hidden items, na kama bado huzioni ingia Folder Options, View, utoe tiki kwa Hide protected operating system files. Hiyo Defender inakuja na Windows bila malipo na kwa mwanafunzi inatosha kabisa, hauhitaji kununua antivirasi ya mtu. Chenye kinaimaliza nguvu ni nyinyi wenyewe kuizima. Mtu akikupatia Office ya kraki na akwambie uzime Defender kwanza ndio iingie, hapo ameshakwambia kila kitu unahitaji kujua. Word, Excel na PowerPoint za kwa brauza ni za bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, LibreOffice ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, na vyuo vingi hupatia wanafunzi Office kupitia imeli ya shule, kwa hivyo uliza ofisi yenu ya ICT kabla hujaingiza mwizi kwa nyumba.

Kuna jambo nalibeba moyoni. Miaka michache iliyopita alikuja msichana wa mwaka wa nne, siku mbili kabla ya kupresenti projekti, flashi imekufa na ndani yake ndio kulikuwa na kopi ya pekee. Tulikaa na yeye mpaka jioni. Tulipata kwa laptopu kipande cha sura ya pili tu, cha miezi miwili nyuma, yenye Word ilikuwa imejihifadhia. Alilia na sikuwa na la kumwambia. Projekti nzima yenye maandishi na picha kiasi huwa ni MB chache tu, inaingia mahali popote. Kwa hivyo weka moja kwa laptopu, moja kwa flashi, moja kwa OneDrive yenye inakupatia GB 5 bure, na kama uko na diski ya nje washa File History iwe inakopi yenyewe bila wewe kukumbuka. Na kama Word imejifunga kabla usevu, ingia File, Info, Manage Document, Recover Unsaved Documents, mara nyingi iko huko. Fanya hivyo mapema lakini, usingoje wiki mbili.

Vitu vidogo vidogo sasa, vya kila siku. Windows na V kwa pamoja: mara ya kwanza itakuuliza kama uiwashe, kubali, na kuanzia hapo inakumbuka vitu 25 vya mwisho umekopi. Ukiwa unakusanya nukuu za literecha rivyu unakopi sita mfululizo kutoka PDF moja, alafu unaenda kwa Word unazichagua moja moja, badala ya kuruka huku na huku. Kama mashine ni ya kushare na rumeti usikopi pasiwadi hapo. Windows na Shift na S inakata kipande cha skrini chenye unataka, tafadhali tuache kupiga skrini picha na simu na kumtumia lekcha, haisomeki. Kwa Windows 11 hiyo Snipping Tool inarekodi hata video. Windows na mshale wa kushoto ama kulia inapanga dirisha mbili kando kwa kando, PDF huku, maandishi yako kule.

Ukichoka macho, fungua PDF kwa Edge alafu Ctrl na Shift na U, inakusomea kwa sauti, unaweza kuwa unapika ukisikiza. Mara nyingi hii naonyesha wanafunzi wenye macho yao yana shida, pamoja na Windows na alama ya kujumlisha yenye inakuza skrini, na kila mara nashangaa wamefika mwaka wa pili wakifinya macho na hakuna mtu aliwaambia iko. Kama unajua mwenzako kama huyo, mwonyeshe leo.

Wale mnaenda atachi, kujifunza kazi kwa kampuni, hii ni yenu. Fungua Notepad, mstari wa kwanza kabisa uandike .LOG, kwa herufi kubwa na nukta mbele, usevu faili. Kila siku ukiifungua inajiandikia tarehe na saa chini kabisa, wewe unaongeza tu umefanya nini. Mwisho wa wiki ukijaza logbuku unakopi kutoka huko, haukai Ijumaa jioni ukijaribu kukumbuka Jumanne ulikuwa unafanya nini. Faili ni ndogo sana na inafunguka hata kwa mashine mzee.

Wenye mko na MacBook, ni wachache lakini mpo: Preview inatia sahihi kwa PDF na kuunganisha PDF mbili bila kulipia kitu, Command na Shift na 5 inakata na kurekodi skrini, na Time Machine ndio bakapu yenu ukipata diski ya nje.

Mwisho ni wizi, kwa sababu Nairobi tunaijua. Jifunze kupiga Windows na L kila ukiinuka kwa kiti, hata maktaba, hata kama ni choo tu unaenda. Washa Find my device kwa Settings, Privacy & security. Andika seriali namba yenye iko chini ya laptopu, kwa sababu ukienda polisi kuandikisha OB hiyo ndio inaitambulisha mashine kuwa ni yako, "ni nyeusi ya HP" haimsaidii mtu. Na kama mashine yako imewashwa kufungia diski, iwe ni BitLocker ama Device encryption, faili zako ni salama hata ikiibiwa, ila kuna kitu kimoja: saa zingine baada ya apdeti ama fundi kugusa ndani, inakataa kuwaka mpaka uipatie rikavari kii. Nimeona watu wamefungiwa nje ya mashine zao wenyewe wiki ya mtihani. Hiyo kii huwa kwa akaunti yako ya Microsoft, ingia ukiwa bado umetulia, uinakili yote, ni tarakimu 48, uandike kwa karatasi na uiweke kwa ile bahasha yenye uko na cheti chako cha KCSE.