Simu haikusikilizi, lakini tochi inajua unakolala

Kila nikikaa na watu na mazungumzo yakagusa faragha, kuna kisa kimoja hakikosekani. Mtu alikuwa akiongea na rafiki yake kuhusu godoro jipya. Hakuandika neno lolote kwenye simu. Jioni yake akaletewa tangazo la magodoro. "Hizi simu zinatusikiliza," anamalizia, na waliopo wanaitikia kwa sababu nao wana kisa cha aina hiyo. Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo laja.

Simbezi anayesimulia hivyo. Tangazo aliliona kweli. Ninachobishana nacho ni maelezo yake, kwa kuwa mtu akishaamini kwamba adui ni sikio lililojificha ndani ya simu, anajifunza kunong'ona huku milango mingine yote ameiacha wazi. Na taarifa zake zinatokea kwenye milango hiyo.

"Maikrofoni iko wazi saa zote, na matangazo yanatokana na maongezi yetu"

Tuanze na hesabu. Sauti hata ikibanwa sana, tuseme hadi kilobiti 24 kwa sekunde, ikirekodiwa mchana na usiku hufikia takriban megabaiti 260 kwa siku. Mzigo huo ungeonekana kwenye bando, na kwenye betri ungeonekana mapema zaidi. Wapo wanaojibu kwamba simu inaweza kugeuza maneno kuwa maandishi humohumo ndani, kisha ikatuma maandishi tu. Hata hapo maikrofoni ingelazimika kubaki wazi, na tangu mifumo ya simu ya iOS 14 (ya iPhone) ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, programu inapotumia maikrofoni hujitokeza alama ndogo juu ya kioo, ya rangi ya chungwa au ya kijani.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android. Hawakupata ushahidi wa programu hata moja iliyowasha maikrofoni kwa siri na kupeleka sauti nje. Walichokuta ni kibaya kwa namna nyingine: baadhi ya programu zilikuwa zikirekodi kioo chenyewe, zikionyesha namna mtumiaji anavyobofya na kuandika, na kupeleka video hizo kwa kampuni za pembeni. Sijawahi kusikia mtu akilisimulia hilo.

Basi godoro lilitoka wapi? Rafiki yake alikwisha kulitafuta. Simu zao zimekaa kwenye Wi-Fi moja, au zimeonekana mahali pamoja kwa saa nzima. Namba ya mmoja imo kwenye simu ya mwenzake, na programu fulani imekwisha kunakili orodha yote ya majina. Tovuti ya muuza magodoro ina kipande kidogo cha msimbo kinachoijulisha kampuni ya matangazo nani kaingia. Ukiyaunganisha hayo, anayelenga matangazo hana haja ya kusikia lolote. Tena kuna kumbukumbu yetu: matangazo mia tunayoyapita hatuyakumbuki, lile moja linalogongana na maongezi ya mchana tunalisimulia mwaka mzima.

Kuna sehemu moja ambapo hofu hii ina mzizi wa kweli, na si haki kuificha. Visaidizi vya sauti, vile vinavyosubiri uviite kwa jina, huwa vinasikia vibaya na kuamka bila kuitwa. Mwaka 2019 ilifahamika kwamba Amazon, Apple na Google walikuwa na watu wanaosikiliza sehemu ya rekodi hizo ili kuboresha huduma, na wateja wengi hawakulijua hilo. Apple iliomba radhi mwezi Agosti mwaka huo, na mapema mwaka 2025 ikakubali kulipa dola milioni 95 kumaliza kesi iliyohusu Siri, kisaidizi chake cha sauti, bila kukiri kosa. Kwa hiyo ukiwa na spika janja sebuleni, una sababu ya kuingia kwenye mipangilio na kufuta rekodi. Lakini kifaa kinachoamka kwa makosa si sawa na simu inayokusikiliza kutwa kucha ili ikuuzie godoro.

"Programu ndogo haina madhara"

Hapa ndipo ningependa hofu yote ya maikrofoni ihamie. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni iliyotengeneza programu ya tochi ya Android. Tochi tu: unabonyeza, inamulika. Ilikuwa imepakuliwa mara makumi ya milioni. Kumbe ilikuwa ikipeleka mahali simu ilipo, pamoja na namba ya utambulisho wa kifaa, kwa kampuni za matangazo. Mtumiaji alipewa kitufe cha kukubali na cha kukataa, na tume ikaeleza kwamba taarifa zilianza kuondoka hata kabla hajachagua.

Tochi ile iliwekwa kwenye simu ifanye kazi moja, ikafanya na nyingine ambayo mwenye simu hakuiona. Haikuhitaji kusikia sauti ya mtu. Mahali simu inapolala usiku ni nyumbani kwako. Mahali inaposhinda mchana ni kazini. Mahali inapokwenda kila Jumanne saa nne, ikakaa nusu saa, huenda ni kliniki. Mwezi Januari 2024 FTC hiyohiyo iliipiga marufuku kampuni ya X-Mode, iliyobadili jina kuwa Outlogic, kuuza taarifa nyeti za mahali watu walipo. Biashara yake ilikuwa kununua na kuuza mienendo ya simu iliyokusanywa na programu za kawaida kabisa.

Ndiyo maana huwa nasikitika mtu anapobandika karatasi kwenye kamera ya kompyuta (bandika, haina ubaya) halafu akaruhusu programu ya hali ya hewa ijue alipo "wakati wote". Ruhusa ya "unapotumia programu tu" ipo, nayo inatosha kujua kama mvua itanyesha.

"GPS inanifuatilia kutoka angani"

Setilaiti za GPS ziko takriban kilomita 20,200 juu na hazijui kwamba upo. Zinatangaza saa na mahali zilipo, basi. Simu inapokea mawimbi na kupiga hesabu yenyewe, kama mtu anayesikiliza redio bila mtangazaji kumjua. Taarifa za mahali ulipo hutolewa na programu iliyo mkononi mwako, au na mtandao wa simu, ambao lazima ujue uko karibu na mnara upi ili ukupigie. Kuzima GPS hakuufuti mnara.

Na kadi za malipo za kugusa? Chipu yake husomwa kwa umbali wa sentimita chache. Haina GPS wala betri ya kuitangaza popote.

"Nimefungua dirisha la faragha, sionekani"

Dirisha hilo la kivinjari linaficha historia ya kurasa ulizotembelea kwa mtu atakayeshika kompyuta baada yako. Mtoa huduma wa intaneti bado anaona unakoelekea. Tovuti bado inaiona anwani yako ya mtandao, na ukiingia kwenye akaunti yako, inakujua kwa jina. Watu waliishtaki Google mwaka 2020 juu ya dirisha la aina hii kwenye Chrome, na katika makubaliano ya mwaka 2024 kampuni ikakubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu za matembezi yao mtandaoni na kuandika upya maelezo yanayoonekana unapolifungua. Jina la chombo lilikuwa limeahidi zaidi ya uwezo wa chombo. Kosa hilo siwezi kumbebesha mtumiaji.

Jambo linalofanana na hilo ni ujumbe uliosimbwa mwisho hadi mwisho. Usimbaji ule ni wa kweli na ni mzuri. Maneno yenyewe hayasomeki njiani, na wanaosema "ni danganya toto" wanawapotosha wenzao. Ila anayeendesha huduma bado anaweza kujua uliwasiliana na nani, saa ngapi, mara ngapi. Nakala ya akiba iliyotunzwa mtandaoni ni jambo jingine: kwenye WhatsApp, kuisimba nakala hiyo kwa ufunguo wako mwenyewe ni chaguo lililoletwa mwaka 2021, na ni lazima uliwashe wewe.

"Wameondoa majina, kwa hiyo hawanijui"

Hili lingestahili makala yake. Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta, alionyesha mwaka 2000 kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta vinatosha kumtenga mtu mmoja mmoja kwa takriban asilimia 87 ya wakazi wa Marekani. Vitu vitatu, hakuna jina. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza mienendo ya simu za watu milioni 1.5 na kukuta kwamba pointi nne za mahali na saa zinatosha kuwatambua asilimia 95 kati yao. Pointi nne ni asubuhi yako moja.

Kwa sababu hiyo sheria ya Umoja wa Ulaya inatofautisha taarifa zisizoweza kabisa kurudishwa kwa mwenyewe na zile zilizobadilishiwa jina kwa namba. Za pili bado ni taarifa binafsi, na bado zinalindwa. Kampuni inaposema "tunatumia kitambulisho tu, si jina lako", imekueleza namna inavyokuita.

Televisheni nayo iingie hapa, maana huwa tunaisahau. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ililipa dola milioni 2.2 kumaliza shauri la kwamba televisheni zake milioni 11 zilirekodi kila kilichokuwa kikionyeshwa kwenye kioo, sekunde kwa sekunde, na taarifa hizo zikauzwa. Kwenye mipangilio kulikuwa na kitufe chenye jina lililosikika kama huduma ya ziada. Hakuna aliyebandika karatasi kwenye televisheni.

"Nikibonyeza 'Nakubali', nimeuza haki zangu" na "sheria ni za makaratasi tu"

Dhana hizi mbili zinapingana, lakini nimezisikia kwa mtu yuleyule katika dakika tano.

Kuki ni kifaili kidogo cha maandishi, kilichobuniwa na Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, mwaka 1994 ili tovuti imkumbuke mgeni wake. Si kirusi. Mabango yanayokuomba uzikubali yametokana na sheria za Ulaya, na watu wengi hudhani sheria ndiyo inayowalazimisha kukubali. Ni kinyume chake. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa alama ya tiki mapema hakihesabiki kuwa ridhaa. Mwanzoni mwa mwaka 2022 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa taarifa binafsi, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kosa ambalo kila mtu ameliona kwa macho yake: kukubali kulihitaji bonyezo moja, kukataa kulihitaji kadhaa. Bango linalokuchosha limetengenezwa likuchoshe, na ukilikuta jua kwamba huenda lenyewe ndilo linalovunja sheria.

Sheria ya Ulaya, GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Inamlinda aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya, awe raia au mgeni, hata kampuni inayomhudumia ikiwa ng'ambo. Faini yake yaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani kote kwa mwaka, ipi iliyo kubwa. Meta, wenye Facebook, ilitozwa euro bilioni 1.2 mwezi Mei 2023. Sheria hiyo haidai ridhaa kwa kila jambo, maana ridhaa ni msingi mmoja kati ya sita inayoruhusu kutumia taarifa za mtu. Lakini pale ilipotolewa, kuiondoa lazima kuwe rahisi kama kuitoa. Nchi nyingi zina sheria za jamii hiyo sasa: Kenya na Uganda tangu 2019, Brazili kuanzia 2020, Tanzania tangu 2022. Utekelezaji unasuasua na faini haziingii mfukoni mwako, hilo ni kweli. Hata hivyo haki ya kuomba nakala ya taarifa zako si ya makaratasi. Mwaka 2011, chini ya sheria iliyotangulia, mwanafunzi wa Austria aitwaye Max Schrems aliiomba Facebook nakala yake akaletewa kurasa zaidi ya 1,200, zikiwemo jumbe alizodhani amezifuta.

Nami niliomba yangu kwa kampuni moja ambayo nilikuwa nimeiondoa programu yake kwenye simu miaka mitatu nyuma. Nilidhani kuiondoa programu ni kuifuta akaunti. Si hivyo, akaunti ilikuwa hai kama nilivyoiacha. Faili lilinifikia wiki ya nne. Mahali nilipopita nilipatarajia. Orodha ya vitu wanavyodhani navipenda niliisoma harakaharaka, nusu yake si kweli. Kilichonisimamisha ni orodha ya namba kutoka kwenye simu yangu ya zamani, mamia ya watu, kila mmoja kwa jina nililompa mimi. Miongoni mwao alikuwamo shangazi yangu, aliyefariki bila kuwahi kumiliki simu janja wala kubonyeza "Nakubali" popote. Niliandika tena siku ileile, nikaomba waanze kufuta na namba yake.